Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuomba Mahakama ya California Ibatilishe Hatia ya Jinai Inayohatarisha Ukaazi Wako

Wasomaji wa Kiswahili waishio California wamekuwa wakikwama mahali pale pale. Mtu alikiri kosa miaka mingi iliyopita, akatumikia adhabu, akamaliza kipindi cha uangalizi, kisha akaenda mahakamani kuomba kesi yake isafishwe chini ya kifungu cha 1203.4 cha Kanuni ya Adhabu ya jimbo. Alipewa hati yenye muhuri, akaamini kwamba yamekwisha, akaomba uraia au akasafiri kwenda kumzika mzazi. Ndipo alipozuiwa uwanja wa ndege wakati wa kurejea, au akapokea wito wa kufika mbele ya jaji wa uhamiaji, kwa kosa lile lile alilodhani limefutwa.

Sababu ni kwamba uhamiaji unatawaliwa na sheria ya shirikisho, nayo haifungwi na kila nafuu inayotolewa na jimbo. Tangu uamuzi wa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji katika shauri la Pickering, mwaka 2003, hatia iliyoondolewa kwa huruma, kwa tabia njema au ili tu kumwepusha mtu asifukuzwe nchini huendelea kuhesabiwa kuwa hatia. Inayoacha kuhesabiwa ni ile iliyobatilishwa kwa sababu ilipatikana kwa dosari ya kisheria tangu mwanzo.

California imefungua njia ya kuomba ubatilisho wa namna hiyo kupitia kifungu cha 1473.7 cha Kanuni hiyo hiyo ya Adhabu, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliweka wazi kwamba mwombaji halazimiki kuthibitisha kuwa wakili wake alizembea, na yale ya mwaka 2022 yakawaingiza pia waliotiwa hatiani baada ya kesi kusikilizwa, si waliokiri tu.

Mwongozo huu unahusu hukumu za mahakama za California peke yake. Aliyetiwa hatiani Texas, Ohio au Kentucky, ama katika mahakama ya shirikisho, atafuata sheria nyingine hata kama leo anaishi San Diego.

Vitu vya kukusanya kabla ya kuanza

- Namba ya kesi, jina la kaunti na tarehe uliyotiwa hatiani.
- Nakala ya jalada lote la mahakama, pamoja na fomu ya kukiri kosa uliyoisaini.
- Jalada la wakili aliyekutetea wakati ule.
- Rekodi yako ya jinai kutoka Idara ya Sheria ya California, na nyingine kutoka FBI.
- Hati zote za uhamiaji: kadi ya ukaazi wa kudumu, hati za ukimbizi, barua za idara ya uhamiaji na wito wowote uliowahi kuupokea.
- Ushahidi wa maisha yako Marekani wakati ulipokiri: vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa watoto, mkataba wa nyumba, hati za mishahara, kodi, shule, barua za kanisa au msikiti.
- Fomu CR-187 ya Baraza la Mahakama la California, pamoja na fomu CR-188 ya amri ya jaji.

Mambo ya kuahirisha kwanza

Hadi ombi lako liamuliwe, usitoke nje ya Marekani, usiombe uraia, na usitume maombi ya kuhuisha kadi yako kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji. Maombi hayo huambatana na alama za vidole, na alama za vidole huifufua kesi ya zamani mbele ya ofisa ambaye asingeiona. Najua jinsi inavyouma kukosa maziko ya mzazi, lakini mlango wa kurudi unaweza kufungwa kwa safari moja.

Jihadhari pia na wajaza fomu na washauri wa uhamiaji wasio mawakili, hata kama ni watu wa kwenu na wanazungumza lugha yako vizuri. Ombi hili linahitaji hoja za kisheria na ushahidi uliopangwa, na likikataliwa kwa sababu liliandikwa ovyo, kulirudia ni kazi ngumu sana.

Hatua ya 1: Hakikisha kifungu kinakuhusu

Kifungu cha 1473.7 ni cha mtu ambaye hayuko tena chini ya mamlaka ya adhabu ya jinai. Aliye gerezani, aliye katika kipindi cha uangalizi na aliyeachiliwa kwa masharti wote bado wamo chini ya mamlaka hayo, kwa hiyo njia yao ni ombi la kuhoji uhalali wa kifungo. Aliyepewa uangalizi hivi karibuni anaweza pia kutumia kifungu cha 1018, ambacho huruhusu kuondoa kukiri kosa ndani ya miezi 6 tangu amri ya uangalizi itolewe. Kushikiliwa katika mahabusu ya uhamiaji hakuhesabiwi kuwa mamlaka ya jinai, kwa hiyo aliyeko huko anaweza kuomba, na vilevile aliyekwisha kufukuzwa ambaye leo yuko Goma au Mombasa.

Sharti jingine ni kwamba hatia hiyo iwe inakuletea, au iwe na uwezo wa kukuletea, madhara ya uhamiaji: kufukuzwa, au kunyimwa hadhi, nafuu au uraia.

Wako watu wenye njia fupi zaidi. Ikiwa ulikiri kosa la dawa za kulevya chini ya mpango wa zamani wa kuahirisha hukumu, ukamaliza masharti na mashtaka yakafutwa, angalia kifungu cha 1203.43, kilichoanza mwaka 2016 na kinachowahusu waliopewa mpango huo kuanzia tarehe 1 Januari 1997. Jimbo lenyewe limekiri kwamba watu hao walidanganyika, kwa kuwa waliambiwa kukamatwa kwao kungehesabiwa kama hakukutokea, ilhali sheria ya shirikisho iliendelea kuwahesabia hatia.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa uhakika: adhabu yangu iliisha tarehe fulani, na hatia yangu ina madhara fulani ya uhamiaji.

Hatua ya 2: Pata jalada lote, bila kukosa ukurasa

Nenda kwa karani wa mahakama ya juu ya kaunti ulikohukumiwa, uombe nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka, fomu ya kukiri kosa, kumbukumbu za kila siku ya kesi na amri ya adhabu. Uliza pia kama kuna nakala ya maneno yaliyosemwa siku uliyokiri. Fanya haraka, kwa sababu maandishi ya mwandishi wa mahakama kwa kawaida huruhusiwa kuharibiwa baada ya miaka 10, na majalada ya makosa madogo huharibiwa mapema.

Mwandikie wakili wako wa zamani, au ofisi ya watetezi wa umma ya kaunti, ukiomba jalada lako, kwa maana jalada hilo ni mali ya mteja. Katika pembe za kurasa zake ndimo mara nyingi hupatikana kile kinachoamua kesi. Wakili aliyeandika kwamba mteja wake ni raia, au asiyeandika lolote kuhusu uhamiaji, ameacha ushahidi wenye nguvu kuliko kumbukumbu yako.

Ukijibiwa kwamba jalada limeharibiwa, omba jibu hilo kwa maandishi, kisha liambatanishe na ombi, ili jaji aone kwamba ulitafuta.

Hatua ya 3: Ipime hatia kwa macho ya uhamiaji

Hapa unamhitaji wakili wa uhamiaji anayeifahamu sheria ya jinai, au wakili wa jinai anayeshirikiana naye. Kazi yake ni kueleza kwa maandishi madhara ya hatia yako, na kutaja kosa jingine ambalo ungeweza kulikiri siku ile bila madhara hayo. Wengi hulisahau jambo hili la pili, nalo lina uzito mkubwa mbele ya jaji.

Mfano ni wizi. Hatia ya wizi yenye adhabu ya mwaka mmoja au zaidi huhesabiwa na sheria ya uhamiaji kuwa miongoni mwa makosa mazito kabisa, hata kama sehemu ya adhabu hiyo ilisimamishwa na mtu hakulala gerezani zaidi ya wiki chache. Wakili makini angeomba siku 364 badala ya 365, na mara nyingi mwendesha mashtaka asingekuwa na sababu ya kukataa.

Usidhani, hata hivyo, kwamba sheria mpya ya jimbo imekwisha kukusaidia kimyakimya. California ilipunguza kikomo cha adhabu ya makosa madogo hadi siku 364 kuanzia mwaka 2015, na kuanzia 2017 ikaagiza kikomo hicho kihesabiwe hata kwa hukumu za nyuma. Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua mwaka 2018 kwamba kwa hukumu hizo za zamani haitafuata hesabu mpya ya jimbo. Vivyo hivyo, mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba kosa kubwa lililoshushwa kuwa dogo baadaye hubaki na madhara yake ya uhamiaji.

Hatua ya 4: Andika hati yako ya kiapo

Hati hii ni simulizi yako chini ya kiapo, na ni lazima ijibu maswali mawili yaliyo tofauti.

Swali la kwanza ni la dosari iliyotokea katika kesi. Ni nini kilikuzuia kuelewa madhara ya uhamiaji, kujitetea dhidi yake, au kuyakubali ukiyajua? Huenda wakili hakuuliza kama wewe ni raia, au alikuambia mwenye hadhi ya mkimbizi hafukuzwi. Huenda alisema "yaweza kuwa na athari" ilhali sheria ilikuwa inalazimisha kufukuzwa. Tangu mwaka 2019 mahakama za rufaa za California zimekubali kwamba hata kutoelewa kwako mwenyewe kunatosha, bila kuthibitisha uzembe wa wakili.

Eleza suala la lugha kwa undani. Je, ulipewa mkalimani? Alikuwa wa lugha unayoimudu, au ulipewa wa Kiswahili sanifu ilhali wewe ulikua ukizungumza Kibembe na Kiswahili cha Kivu ya Kusini? Fomu ya kukiri kosa ilisomwa neno kwa neno, au ulioneshwa visanduku vya kutia herufi za jina lako katika korido, dakika chache kabla ya kuitwa? Fomu hiyo ndiyo silaha kuu ya mwendesha mashtaka, kwa sababu ina mstari unaoonya kuhusu kufukuzwa nchini. Usiukwepe mstari huo. Eleza jinsi ulivyousaini na ulivyouelewa, na ukumbushe kwamba Mahakama Kuu Kabisa ya California, katika shauri la Patterson la mwaka 2017, ilisema onyo la jumla la mahakama halichukui nafasi ya ushauri mahususi wa wakili. Wajibu huo wa wakili umetambuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tangu shauri la Padilla la mwaka 2010.

Swali la pili ni la madhara ya dosari hiyo. Ungefanya nini kama ungejua? Hulazimiki kuonesha kwamba ungeshinda kesi. Unatakiwa kuonesha kwamba kulikuwa na uwezekano wa kuridhisha kwamba ungeyakataa makubaliano yale, ama kwa kwenda kwenye kesi, ama kwa kuendelea kutafuta makubaliano mengine, hata yenye kifungo kirefu zaidi.

Onyo ninaloliona kuwa zito kuliko yote: usiseme uongo, na usitie chumvi. Hati ya kiapo inaweza kusomwa pia na idara ya uhamiaji. Kile unachokikiri humo kuhusu tendo lenyewe kinaweza kutumika dhidi yako, kwa hiyo wakili aipitie kabla hujasaini, na uandike kuhusu ushauri uliopewa, si kuhusu namna tendo lilivyofanyika.

Hatua ya 5: Kusanya ushahidi usiotoka kinywani mwako

Maombi mengi hufia hapa. Mwombaji huleta hati yake ya kiapo, yenye kusikitisha na ya kweli kabisa, halafu hakuna kingine. Mahakama Kuu Kabisa ya California imesema waziwazi kwamba neno la mwombaji peke yake halitoshi, na kwamba linapaswa kuungwa mkono na ushahidi unaoweza kupimwa na mtu mwingine.

Katika shauri la Vivar, lililoamuliwa Mei 2021, mwombaji alikuwa ameingia Marekani akiwa na umri wa miaka 6. Mahakama ilitazama kwamba mke, watoto na wajukuu wake walikuwa raia, kwamba karibu hakuwa na uhusiano wowote na Mexico, na kwamba barua alizoandika wakati ule zilionesha hofu yake ya kutenganishwa na familia. Katika shauri la Espinoza, lililoamuliwa Januari 2023, mwombaji alikiri makosa mwaka 2004, akazuiliwa uwanja wa ndege wa San Francisco mwaka 2015 akirejea kutoka Mexico. Alishinda kwa barua za familia na za watu wa jumuiya yake, na kwa maelezo ya wakili wa uhamiaji kuhusu makubaliano mbadala yaliyokuwa yakiwezekana.

Jifunze kutokana na mashauri hayo kwamba wakati unaotazamwa ni ule ulipokiri, si leo. Mtoto aliyezaliwa miaka mitano baada ya hukumu ana thamani kwako kuliko kitu chochote, lakini hathibitishi ulichokuwa ukikifikiria siku ile. Tafuta kilichokuwepo tayari: mzazi uliyekuwa ukimtunza, kazi uliyokuwa nayo, ndugu wote waliokwisha hamia, nchi uliyoikimbia.

Kwa mkimbizi ushahidi huu unaweza kuwa mzito mno. Mtu aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu au Kakuma, ambaye hajawahi kuishi katika nchi anayotajwa kuwa raia wake, ana hoja ambayo haihitaji mapambo. Ambatanisha hati za kambi na za kupokelewa Marekani. Barua za mashahidi ziwe na tarehe na ziwe chini ya kiapo, na kila shahidi aseme alichokiona mwenyewe. "Ni mtu mwema" haisaidii. "Mwaka ule alikuwa akimpeleka mama yake kusafishwa damu kila wiki" inasaidia sana.

Umefaulu ikiwa msomaji asiyekujua, akiiweka hati yako ya kiapo kando na kusoma viambatanisho pekee, anafikia jibu lile lile.

Hatua ya 6: Jaza, wasilisha na peleka nakala

Jaza fomu CR-187 na uiwasilishe katika mahakama ya kaunti ulikohukumiwa, pamoja na hoja za kisheria na viambatanisho vyote. Nakala lazima ipelekwe kwa mwendesha mashtaka wa kaunti, na uthibitisho wa kuipeleka uwekwe mahakamani. Ukimlaumu wakili wako wa zamani, mpe taarifa mapema, kwa sababu jaji hawezi kuandika kwamba wakili huyo alizembea ikiwa hakujulishwa kabla ya ombi kusikilizwa.

Kuhusu muda, ombi laweza kuletwa wakati wowote baada ya adhabu kuisha. Lakini ikiwa ulikwisha pokea wito wa jaji wa uhamiaji, au amri ya mwisho ya kufukuzwa, mahakama inaweza kulikataa kwa kuchelewa kama hukuonesha bidii ya kutosha tangu hapo. Eleza kila ulichofanya katika kipindi hicho.

Asiye na uwezo wa kulipa wakili aombe mahakama imteulie wa umma. Katika shauri la Fryhaat la mwaka 2019, mahakama ya rufaa ilikubali haki hiyo kwa mwombaji maskini aliyeeleza vya kutosha hoja zake lakini hawezi kufika mahakamani kwa kuwa anashikiliwa na uhamiaji.

Hatua ya 7: Zungumzeni na mwendesha mashtaka kabla ya siku ya kusikilizwa

Tangu mwaka 2016, kifungu cha 1016.3 kinamtaka mwendesha mashtaka wa California azingatie namna ya kuepusha madhara ya uhamiaji anapojadiliana kuhusu kukiri kosa. Wakili wako ampelekee pendekezo kamili: hatia ya zamani ibatilishwe, na badala yake kosa fulani lisilo na madhara likiriwe kwa adhabu iliyokwisha tumikiwa. Mwendesha mashtaka asipopinga, jaji anaweza kukubali ombi bila hata kulisikiliza.

Hatua ya 8: Siku ya kusikilizwa, na maneno ya amri

Kila ombi lina haki ya kusikilizwa. Aliye nje ya nchi anaweza kuomba lisikilizwe bila yeye kuwepo, kwa sababu ya msingi. Kipimo ni mizani ya uwezekano, yaani maelezo yako yawe na uzito kuliko ya upande wa pili, si kuthibitisha pasipo shaka.

Jaji akikubali, usiondoke na amri yenye neno "imekubaliwa" pekee. Sheria inamtaka ataje msingi wa uamuzi wake. Amri iseme kwamba hatia imebatilishwa kwa sababu ya kosa la kisheria lililomzuia mwombaji kuelewa madhara ya uhamiaji. Ikitaja huruma, urekebishaji wa tabia au shida za familia peke yake, utakuwa umerudi pale pale pa shauri la Pickering.

Jaji akikataa, amri hiyo inakatiwa rufaa. Taarifa ya rufaa huwekwa ndani ya siku 60 kwa kosa kubwa, na siku 30 kwa kosa dogo.

Hatua ya 9: Baada ya kushinda

Ubatilisho huirudisha kesi mwanzo, na mashtaka yote ya awali hufufuka, hata yale yaliyofutwa wakati wa makubaliano. Kwa sababu hiyo hatua ya 7 isirukwe, na usikiri kosa lolote jipya kabla wakili wa uhamiaji hajaliandikia maoni.

Kisha chukua nakala zilizothibitishwa za amri, za kumbukumbu ya siku hiyo na za matokeo mapya ya kesi. Aliye katika kesi ya kufukuzwa ampe wakili wake wa uhamiaji azipeleke kwa jaji mara moja. Mwenye amri ya mwisho ya kufukuzwa ajue kwamba amri hiyo haiondoki yenyewe. Lazima aombe kesi ya uhamiaji ifunguliwe upya, na muda wa kawaida wa kuomba ni siku 90 tangu amri hiyo ilipotolewa, kwa hiyo aliyechelewa atahitaji wakili wa kueleza kwa nini muda huo usimfunge. Anayetaka kuomba uraia asubiri hadi rekodi ya Idara ya Sheria ya California ioneshe matokeo mapya, na hata hapo ataje kukamatwa kwake kote kwenye fomu, akiambatanisha amri ya jaji.